Ploti Ishirini na Nne, Moto Mmoja: Shajara ya Mradi wa Mpaka wa Msitu Kilimanjaro

Maandalizi, Novemba hadi mwanzoni mwa Januari

Shajara hii inafuatilia kazi ya wanafunzi sita wa ikolojia wanaochunguza mpaka wa juu wa msitu kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro. Mimi nilikabidhiwa kuiandika kwa sababu, kwa maelezo ya wenzangu, mwandiko wangu ndio pekee unaosomeka hata daftari likilowa. Swali tuliloanza nalo lilikuwa rahisi kulitamka: kadiri mtu anavyopanda na baridi inavyozidi, ni wapi hasa miti mirefu inakoma na vichaka vinashika nafasi, na ni joto kiasi gani linaloweka mpaka huo?

Tulilichukua swali hilo kutoka kwenye vitabu, ambako mlima huchorwa kama ngazi. Mwaka 1951 mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Olov Hedberg, aliigawa mimea ya milima mirefu ya Afrika Mashariki katika kanda tatu, yaani msitu wa milimani, ukanda wa jamii ya Erica (vichaka na miti midogo yenye majani membamba), na ukanda wa afroalpaini, yaani mimea ya juu kabisa ya milima ya Afrika, na mgawanyo huo ungali unatumika. Ni mgawanyo mzuri, lakini humfanya mwanafunzi aamini kwamba kila ukanda umewekwa mahali pake na kipimajoto, na sisi tuliamini hivyo mpaka tulipokaa chini kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Moshi, kwenye mwinuko wa mita 813, wastani wa joto la mwaka ni nyuzi 23.4 za Selsiasi, na kutoka hapo kwenda juu joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.56 kwa kila mita 100. Kwenye mita 3,000, yaani karibu na mahali ambapo msitu mrefu unakatika leo katika upande huu, wastani unakuwa kama nyuzi 11. Hata hivyo, Christian Körner na Jens Paulsen walipolinganisha vipimo kutoka mipaka ya miti ya sehemu nyingi za dunia, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2004, walikuta kwamba miti hukoma pale ambapo wastani wa joto la udongo katika msimu wa ukuaji unakaribia nyuzi 6 au 7. Kwa kipimo hicho miti ya Kilimanjaro ingeweza kupanda hadi karibu mita 3,800. Kuna mita zipatazo 800 za mlima ambazo joto linaziruhusu kuwa na miti, nasi tunapoziangalia kwa mbali tunaona vichaka na nyasi.

Jibu linalotolewa na wengi waliofanya kazi katika mlima huu, hasa Andreas Hemp ambaye ameuchunguza kwa miongo kadhaa, ni moto. Mioto ya mara kwa mara imeusukuma msitu chini. Basi tukabadili swali kabla hata ya kufunga mizigo: badala ya kuuliza joto linaweka mpaka wapi, tutauliza moto umeusogeza vipi na kama miti inarudi. Mahali pa kuulizia tulipajua. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, kituo cha kupumzikia wapandaji kati ya kambi za Mandara na Horombo kwenye njia ya Marangu, na ulipozimwa ulikuwa umeunguza takriban kilomita za mraba 95. Tungeweka ploti 24, yaani vipande vya ardhi vya kupimia, kila moja mita 10 kwa 10, 12 ndani ya eneo lililoungua na 12 nje yake, zote kati ya mita 2,800 na 3,600, kisha tulinganishe.

Kuhusu vibali sina mengi ya kuandika isipokuwa kwamba maombi yaliyo wazi kuhusu nini kitachimbwa, nini kitakatwa na nini kitabaki mlimani hurudi na maswali machache. Msitu wote sasa umo ndani ya hifadhi ya taifa, tangu mipaka ilipopanuliwa mwaka 2005, kwa hiyo hata sampuli ya jani moja lililoanguka ina masharti yake.

14 Januari, kutoka lango la Marangu hadi Mandara, mita 2,720

Siku ya kutembea tu. Njia yote ya leo imepita msituni, na kwa kuwa upande wa kusini wa mlima ndio unaopokea mvua nyingi, inayofikia kilele chake karibu na mita 2,200 kisha kupungua kadiri unavyopanda, magome ya miti yamefunikwa na mimea midogo laini inayoshika maji kama sifongo. Chini tumekutana na mikulo, miti ambayo wataalamu huiita Ocotea usambarensis, na juu zaidi podo wamezidi. Mmoja wetu aliyewahi kufanya mazoezi katika Mlima Kenya alikuwa akisubiri ukanda wa mianzi na hakuuona, kwani Kilimanjaro haina mshipi wa mianzi unaouzunguka mlima kama milima mingine ya kanda hii.

Tumeanza pia utaratibu wa kupiga viatu brashi kabla ya kuiacha njia kuu. Poa annua, nyasi ndogo ya kigeni inayosafiri kwa nyayo za watu, imekwisha kuonekana kandokando ya njia za wapandaji mlimani humu, na ingekuwa aibu iwapo watafiti wa mimea ndio wangeisambaza.

15 Januari

Msitu ulikatika ghafla kuliko nilivyotarajia. Katika vitabu kanda huingiliana taratibu, lakini hapa tulitoka kwenye kivuli tukaingia kwenye mwanga kwa hatua zisizozidi thelathini. Mwelekezi wetu, mzee aliyepanda njia hii tangu ujana wake, alisimama akatuonyesha kwa fimbo mahali ambapo, kwa kumbukumbu yake, miti ilikuwa ikimpa kivuli hata baada ya kona mbili zaidi. Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, nikayawekea alama ya ushahidi wa mdomo. Hayaingii kwenye jedwali, ila yametusaidia kujua pa kutafuta mkaa, alama ya moto uliopita.

Tumeweka ploti tatu. Kazi ya kila ploti ni kupima mteremko kwa klinomita, mwelekeo kwa dira, kuhesabu kila shina lenye kimo cha zaidi ya mita 1.3, kuandika kama liko hai au limekufa na kama lina alama ya kuungua, kisha kuingia katika vijiploti vinne vya mita moja kwa moja kuhesabu miche. Tulidhani ploti moja ingechukua saa moja na nusu. Ya kwanza imechukua saa tatu, kwa sababu Erica hazisimami kama miti ya picha: shina moja hugawanyika ardhini kuwa mashina saba, na ubishi wetu wa kama hayo ni miti saba au mmoja umekula muda kuliko vipimo vyote. Tumekubaliana kuhesabu yote mawili, mashina na visiki mama, katika safu mbili tofauti.

16 hadi 19 Januari, tukiwa Horombo, mita 3,720

Naziunganisha siku hizi kwa sababu zilifanana. Hewa hapa ina shinikizo la kama theluthi mbili tu ya lile la usawa wa bahari, na wawili wetu waliumwa kichwa kwa siku mbili za mwanzo. Tumejifunza kutoandika utambuzi wa spishi baada ya saa tisa alasiri: daftari la siku ya pili lina majina ambayo asubuhi yake hakuna aliyekubali kuyaandika.

Jambo linalostahili nafasi zaidi ni la mwinuko wenyewe. GPS hukosea zaidi kwenye kimo kuliko kwenye mahali, na kipimamwinuko cha shinikizo nacho hubadilika hali ya hewa inapobadilika, kwa kuwa katika kimo hiki badiliko la hektopaskali moja tu la shinikizo ni sawa na zaidi ya mita 10 za mlima. Tulipopima ploti ileile asubuhi na jioni, vifaa viwili vilitupa majibu manne. Tangu tarehe 17 tunasahihisha kipimamwinuko kila tunapotoka na kila tunaporudi Horombo, na tunagawanya tofauti kwa saa zilizopita. Ni kazi ya kuchosha isiyoonekana katika ripoti yoyote, lakini bila hiyo sehemu ya tofauti ya mwinuko kati ya ploti zetu ingekuwa ni hali ya hewa tu.

Tumezika pia virekodi 10 vya joto, kila kimoja sentimita 10 ndani ya udongo, vitano kwenye eneo lililoungua na vitano chini ya Erica zilizosalimika. Kina hicho tumekiazima kwenye utaratibu wa GLORIA, mtandao unaofuatilia mimea ya vilele vya milima duniani ukiratibiwa kutoka Vienna, ili siku moja namba zetu ziweze kulinganishwa na za wengine. Riboni nyekundu tulizofunga kuonyesha mahali pa kila kirekodi hazikumaliza siku moja: kunguru wa shingo nyeupe, ambao wamekwisha kuwajua wanadamu vya kutosha, walizifungua kwa utulivu mbele ya macho yetu. Sasa alama zetu ni mawe matatu yaliyopangwa na vipimo vya dira vilivyoandikwa mara mbili, katika madaftari mawili yanayobebwa na watu wawili.

Usiku tumeona kwa macho kile ambacho Hedberg alikieleza aliposema kwamba huku kuna kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Karibu na kambi kuna Dendrosenecio kilimanjari, mmea mkubwa wenye shina kama mti na majani yaliyokusanyika kileleni, na jioni majani yake ya katikati hujikunja yakalifunika chipukizi, huku majani makavu ya miaka iliyopita yakibaki yameuvaa mti kama koti. Haikuwa sehemu ya mradi, lakini tulikaa na tochi tukiangalia hadi baridi ikatufukuza.

20 Januari

Msimamizi wetu wa utafiti alifika adhuhuri. Tulimwonyesha ploti 19 zilizokamilika, tukiwa na fahari isiyofichika, na tulitarajia ashangae kwa kasi yetu. Aliyapitia madaftari yote kwa ukimya, akayafunga, kisha akauliza: “Mmepima mioto mingapi?”

Hakuna aliyejibu haraka. Tulikuwa tumepima ploti 19, mashina ya mamia, miche isiyohesabika kwa mkono mmoja, lakini moto ulikuwa mmoja. Ploti zetu zote zilizoungua ziliungua mwezi uleule, kwa upepo uleule, katika upande uleule wa mlima. Ploti zetu zisizoungua nazo hazikuchaguliwa na bahati nasibu, bali zilisalimika kwa sababu fulani: pengine zilikuwa na unyevu zaidi, pengine zilikuwa nyuma ya korongo, pengine upepo uligeuka. Kwa hiyo tukikuta tofauti kati ya makundi mawili, hatuwezi kusema ni kazi ya moto. Huenda tofauti hiyo ilikuwapo kabla ya moto, na ndiyo iliyoamua moto upite wapi. Mwaka 1984 Stuart Hurlbert aliandika makala inayolipa kosa hili jina, urudufu bandia, yaani kuhesabu vipimo vingi vya kitu kimoja kana kwamba ni vitu vingi. Sote tuliisoma darasani na kuijibia mtihani. Hata hivyo tulipanda mlima tukaifanya, ploti kwa ploti, kwa uangalifu mkubwa.

Nakiri kwamba jioni hii mazungumzo hayakuwa ya kupendeza. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba tumalize ploti tano zilizobaki na kuandika tahadhari mwishoni mwa ripoti, kwa kuwa wengi hufanya hivyo. Mwingine alitaka tuanze upya. Msimamizi hakutoa amri. Alitukumbusha tu makala nyingine ya Körner, ya mwaka 2007, inayotenganisha mambo yanayofungamana na mwinuko popote duniani, kama shinikizo la hewa na joto, na yale yasiyofungamana nao kwa lazima, kama unyevu, upepo na matumizi ya watu, kisha akatuuliza moto tunauweka kundi gani. Kutoka hapo tulianza kuliona kosa kubwa zaidi lililokuwa chini ya lile la takwimu: tulikuwa tumeuchukulia mwinuko kama sababu, ilhali mara nyingi mwinuko ni anwani tu, na sababu kadhaa huishi katika anwani hiyo moja.

21 Januari

Hatukupima chochote. Tulikaa na ramani.

Uamuzi ni huu. Tunaacha kuuliza moto ulifanya nini kwa ujumla, kwa sababu moto mmoja hauwezi kujibu hilo. Tunauliza jambo dogo linaloweza kujibiwa ndani ya moto mmoja: kutoka kwenye ukingo wa miti iliyosalimika kuelekea ndani ya eneo lililoungua, miche inapungua vipi kadiri umbali unavyozidi? Mbegu za Erica ni ndogo mno, kama vumbi, na husafirishwa na upepo, kwa hiyo ingewezekana umbali usiwe na maana yoyote. Na kama una maana, je, ni umbali kutoka mbegu au ni umbali kutoka kivulini? Tutaweka mistari sita ya sampuli inayokatiza ukingo, kila mmoja mita 60 ndani ya eneo lililoungua na mita 60 upande wa pili, na kijiploti cha mita mbili kwa mbili kila baada ya mita 10. Mistari mitatu itakatiza ukingo wa juu wa visiwa vya miti vilivyobaki makorongoni na mitatu ukingo wa chini, ili upepo unaopanda mchana na ule unaoshuka usiku usitupumbaze kwa pamoja.

Ploti 19 za mwanzo hazitupwi. Zitabaki kama maelezo ya hali ilivyo, bila kipimo cha uhakika wa kitakwimu, na atakayerudi baada ya miaka kumi atazikuta na vipimo vyake vya dira.

24 Januari

Kosa jipya, na hili ni langu. Katika mstari wa pili nilikuwa nimeandika miche mingi ajabu kwenye umbali wa mita 50 ndani ya eneo lililoungua, na nilikwisha kuanza kujenga maelezo ya upepo kichwani. Mwenzangu aliinama, akafukua kwa kidole pembeni mwa mche mmoja, na chini yake kukawa na kisiki cheusi. Haikuwa miche. Yalikuwa machipukizi ya mti wa zamani uliochomeka juu ukabaki hai chini.

Tulipaswa kulitarajia. Hemp na Erwin Beck walikwisha kuieleza Erica excelsa, katika kazi ya mwaka 2001, kuwa mti unaovumilia moto katika misitu ya Kilimanjaro, na ni tofauti kubwa sana kiikolojia kama mlima unafunikwa upya na miti ileile iliyokuwapo au na kizazi kipya kilichotokana na mbegu. Tatizo ni kwamba kwa juu vyote viwili hufanana, hasa chipukizi likiwa dogo, na kufukua kila kimoja ni kuua sehemu ya kile unachokihesabu. Tulitumia siku nzima nje ya mistari yetu, katika eneo tulilokubaliana na askari wa hifadhi anayeambatana nasi, tukifukua, kuangalia, kufukia na kujifunza. Mwishowe tulipata dalili mbili zinazotosha: machipukizi hutoka kwa mafungu kutoka sehemu moja na huwa na shina nene kuliko kimo chake kinavyostahili, wakati mche wa mbegu husimama peke yake na shina lake la chini ni jembamba na laini. Pale dalili zinapogongana tunaandika “haijulikani”, na safu hiyo si fupi.

Mistari miwili ya mwanzo imepimwa upya.

27 Januari

Asubuhi ya ukungu mzito bila mvua. Tulikuwa tumeweka vipimamvua sita vya kienyeji, chupa zilizokatwa na kufungwa kwenye vigingi, vitatu chini ya Erica kubwa zenye likeni zinazoning'inia kama ndevu na vitatu mahali peupe palipoungua. Saa mbili asubuhi vile vya mahali peupe vilikuwa vikavu kabisa, na vile vya chini ya miti vilikuwa na maji ya kuonekana. Hatukuyapima kwa usahihi wa kuandikwa, kwa kuwa vipimamvua vitatu kila upande ni vichache na chupa hazikufanana midomo, lakini kila mmoja wetu aliinama kuangalia zaidi ya mara moja.

Hili ndilo lililonifanya nielewe hoja ambayo kwenye karatasi ilinionekea ya kutia chumvi. Dunia nzima huutazama mlima huu kwa barafu yake, na ni kweli kwamba barafu hiyo imepungua kutoka kilomita za mraba 11.4 mwaka 1912 hadi 1.76 mwaka 2011. Lakini Hemp alihoji mwaka 2005 kwamba kwa maji ya mlima, kupotea kwa msitu wa juu kwa moto ni jambo zito kuliko kupotea kwa barafu, kwa sababu majani membamba ya Erica na likeni zake hukamua maji kutoka kwenye ukungu ambao bila miti ungepita tu. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi; leo niliisikia ikidondoka ndani ya chupa.

Kwa mradi wetu maana yake ni ya moja kwa moja. Mche ulio mita 10 kutoka ukingoni huenda unapata matone ya ukungu kutoka mti jirani, na ule ulio mita 60 haupati. Umbali kutoka mbegu na umbali kutoka maji vinatembea pamoja katika mistari yetu, na hatuna namna ya kuvitenganisha isipokuwa tukipata mahali ambapo mti uliokufa bado umesimama na kukamua ukungu bila kutoa mbegu. Mashina makavu yenye matawi yapo, mengi, na kesho tutaongeza vijiploti chini yake.

30 Januari, kushuka

Vijiploti 22 vimeongezwa chini ya mashina makavu. Wazo ni zuri. Sina hakika kama matawi yasiyo na majani yanakamua ukungu wa kutosha kutupa jibu. Virekodi vya joto tumeviacha mlimani. Mzee alituuliza tukiwa njiani kama tumepata tulichokifuata, na mwenzetu aliyetaka kuanza upya akamjibu kwamba tumepata kitu kingine, kidogo zaidi. Mzee alisema vidogo hushuka nao mtu bila mpagazi.

Februari na Machi, maabara na maktaba

Mimea iliyokaushwa imetambuliwa kwa kulinganishwa na sampuli za hebaria, yaani hazina ya mimea mikavu iliyohifadhiwa, na majina manne kwenye daftari la tarehe 17 yamefutwa. Helichrysum, mimea yenye maua makavu kama karatasi, tulizoziona kwa wingi kwenye udongo mtupu zimegawanyika katika spishi zaidi ya tulivyodhani.

Mmoja wetu alipendekeza tulinganishe mpaka wa leo na maelezo ya wasafiri wa zamani, kuanzia safari ya mwaka 1889 ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni. Tulilijadili kwa muda mrefu na tukaliacha, na sababu yetu inatoka mbali. Mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt alipanda Chimborazo, mlima wa Ekwado, mwaka 1802 na kuchora mchoro maarufu wa mimea kwa mwinuko wake. Watafiti waliorudi huko mwaka 2012 walikuta mimea imepanda kwa zaidi ya mita 500. Baadaye wengine wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya takwimu za mimea ya juu katika mchoro ule haikutoka Chimborazo bali mlima mwingine, Antisana, kwa hiyo ulinganisho ulihitaji kufanywa upya. Ikiwa hata Humboldt, aliyekuwa na vipimashinikizo na uangalifu wa kupindukia, aliacha mtego wa aina hiyo, sentensi mbili za msafiri aliyekuwa akitazama kilele haziwezi kubeba mpaka wa msitu.

Uchambuzi unaendelea, na sitaweka namba hapa kabla hazijapitiwa na mtu asiyekuwapo mlimani. Ninachoweza kuandika ni kwamba tukiyatenga machipukizi na miche, sura mbili tofauti zinajitokeza: machipukizi hayajali ukingo uko wapi, ilhali miche ya mbegu inaujali. Chini ya mashina makavu safu ya “haijulikani” ni ndefu mno kutoa hukumu.

Juni, baada ya masika, kufuata virekodi

Tumepanda watatu tu, kwa siku nne. Virekodi tisa vimepatikana kwa dira na mawe. Cha kumi kilikuwa kwenye ukingo wa korongo uliomomonyolewa na mvua, na tumetafuta kwa nusu siku bila mafanikio. Tisa vilivyobaki vinaonyesha kile ambacho fizikia ingekisia: udongo ulioachwa wazi hupata joto zaidi mchana na baridi zaidi usiku kuliko ule ulio chini ya Erica, ingawa wastani wa mchana na usiku pamoja haupishani sana. Tungeweka wastani peke yake kwenye jedwali tungesema maeneo hayo mawili yana joto sawa, na mche mdogo wenye mizizi ya sentimita tatu usingekubaliana nasi.

Vijiploti vya mstari wa nne vimepimwa tena. Baadhi ya miche ya Januari haipo, na mahali pake nyasi za mafungu zimesogea. Tumevirudisha virekodi tisa ardhini vikiwa na betri mpya, mawe matatu juu ya kila kimoja, na daftari la pili limekabidhiwa kwa wanafunzi wa mwaka unaofuata, watakaopanda Januari. Ukurasa wa kirekodi cha kumi tumeuacha wazi.